Chumvi Mlangoni mwa Pipa

1

Nundu ilipopasuka, mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa fundi wa naitrojeni. Nilimpigia simu nikamwambia kwamba amenipoozea kipimo vibaya. Yeye, kwa upole wa mtu aliyekwisha kunizoea, akanijibu, "Dokta Sekela, kipimo kimepoa sawasawa. Labda ndivyo mambo yalivyo." Nikamkatia simu. Sipendi kuambiwa ndivyo mambo yalivyo na mtu aliyeketi Tukuyu anakunywa chai.

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili tulikuwa tunaishi kwa nundu ile. Ilikaa kwenye grafu kati ya sita na sita na nusu, nene, ya duara, na kila mtu katika Kituo cha Ilondo aliijua kama anavyoijua sura ya mwanawe. Maadamu nundu ipo, watu kumi na tisa waliofukiwa kilomita thelathini na nane chini ya miguu yetu wako hai. Mdogo wangu Atupele alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyekuwa akiendesha Kurunzi, na kazi hiyo nilimtafutia mimi.

Kurunzi inarusha nyutrino. Kule chini, ambako Shirika la Joto lilikuwa likichota moto wa kuwashia nusu ya nchi, redio haifiki, na ukigonga mwamba sauti inamezwa na uji wa mawe kabla haijapanda kilomita moja. Nyutrino peke yake ndiyo inayopita kwenye mwamba kana kwamba mwamba haupo. Inapita pia kwenye Pipa letu, maji tani mia nne ndani ya chumba cha zege, na kati ya matrilioni zinazopita, mojamoja hugonga kiini cha oksijeni kilichomo ndani ya maji na kung'oa chembe yake moja. Kiini kinachobaki huwa kimesisimka. Hakiwezi kukaa hivyo. Kinatulia papo hapo, na katika kutulia kinatema mwale wa gama, ambao macho yaliyopangwa ukutani mwa Pipa huuona kama cheche.

Kazi yangu ya miaka tisa ilikuwa hiyo tu: kupima kiini kilichosisimka hutema mwale mara ngapi katika mia, na mwale wa nishati gani. Oksijeni iliyogongwa hutema sita nukta moja nane, au sita nukta tatu mbili. Vizio vyake ni mamilioni ya elektronivolti, lakini Ilondo hakuna mwenye pumzi ya kumaliza neno hilo. Macho yetu ya zamani hayakuweza kutenganisha namba hizo mbili, kwa hiyo tuliziona kama nundu moja, na tukahesabu nundu.

Kabla ya shimo kuporomoka tulihesabu tisini kwa siku. Baada ya kuporomoka ikawa moja, sifuri, moja. Siku tatu. Jioni ya siku ya tatu hesabu ikaanza kupanda, na kufikia kesho yake ilikuwa thelathini na moja, ikabaki hapo. Zamani Atupele aliiwasha na kuizima Kurunzi kwa mpangilio, tukawa tunasoma maneno. Sasa hapakuwa na maneno, ni taa tu. Tukasema wamebaki na umeme kidogo, wameiwasha ili tujue. Mimi ndiye niliyelitangaza redioni. Nililia hewani, na watu walicheza barabarani Mbeya hadi asubuhi.

Halafu kikaja kipimo kipya cha jemaniamu, kikakaa bandarini miezi minane kusubiri muhuri, na hatimaye kikafungwa juu ya Pipa. Kipimo hiki kina macho makali. Nilikiwasha Jumamosi, nikasubiri siku mbili, nikafungua grafu nikitegemea kuiona nundu imegawanyika mistari miwili.

Ulikuwa mstari mmoja, mwembamba, mrefu. Ulisimama kwenye sita nukta moja moja.

Nilipima upya. Nikampigia fundi wa naitrojeni, kama nilivyosema, nikamtukana kidogo. Kisha nikaketi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu dakika ya kwanza. Sita nukta moja moja haitoki kwenye oksijeni. Hiyo ni klorini iliyomeza nyutroni. Nyutroni ni kitu kingine kabisa, chembe nzito isiyopita ukuta wa maana, haiwezi kutoka kilomita thelathini na nane. Chochote nilichokuwa nikikihesabu kwa miezi kumi na minne kilikuwa humu humu chumbani pamoja nami.

2

Nilikitoa kipimo juu ya Pipa, nikakiweka kwenye toroli ya kubebea mitungi, nikaanza kukizungusha chumbani. Kwenye pembe ya mashariki mstari ulipanda kidogo. Pembe nyingine vivyo hivyo. Nilipofika mlangoni namba zilianza kukimbia hadi nikaizima sauti ya kipimo.

Kando ya mlango ule, ndani ya sanduku la nta, tunaweka kidonge cha nyutroni tunachotumia kuyapima macho ya Pipa. Nyutroni chache hutoroka kwenye nta. Miaka yote zege lilikuwa likizimeza, nasi tulishajua jinsi ya kuzitoa kwenye hesabu. Sasa palikuwa na kitu kingine kinachozimeza.

Mzee Mhina alinikuta pale nikiwa na mtaimbo mkononi. Ndiye aliyemwaga zege lote la chumba hiki. Alikuja kutoka Tanga akiwa kijana, akaoa huku, akazoea baridi yetu lakini hakuacha kuilalamikia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na mtaimbo?"

"Nataka unisaidie kuvunja hapa kizingitini."

Aliangalia nilipoelekeza, halafu akaangalia viatu vyake. Kwa kawaida ukimwambia Mzee Mhina aondoe hata kigae kimoja, atakupa mhadhara wa nusu saa juu ya mchanga na kokoto. Safari hii hakuitaja kokoto.

"Hapo pasichimbwe," akasema.

"Kwa nini?"

"Pamezindikwa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nimekulia kwenye nyumba iliyozindikwa, na shamba la babu yangu lilizindikwa kwa dawa kila mwaka kabla ya kupanda, lisiguswe na shari, kwa hiyo neno halikuwa geni. Ugeni ulikuwa kulisikia ndani ya chumba ambacho tunavaa soksi za karatasi ili tusiingize vumbi.

"Pamezindikwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa kutumia nini, Mzee?" Nilimuuliza polepole, kama mtu anayemuuliza daktari majibu.

"Chumvi. Ya mawe. Mifuko sita." Akavua kofia. "Ilikuwa siku ya tatu. Wewe ulikuwa umekaa pale kwenye ngazi umejifunika khanga usoni, watu wanakuruka wakipita. Nikasema huyu naye anaondoka. Nikaenda dukani, nikanunua, nikaisomea kama bibi yangu alivyonifunza. Pembe nne mfuko mmoja mmoja, mlangoni miwili. Nikapiga zege juu, nikalisawazisha, hakuna aliyejua. Na jioni ile ile wakawasha taa."

"Hawakuwasha, Mzee."

"Waliwasha. Wewe mwenyewe ulitangaza."

"Nilitangaza chumvi yako."

Nilimweleza. Nilitumia maneno mepesi: kwamba kiini cha klorini nacho husisimka kikila nyutroni, nacho hutulia, nacho hutema mwale, na kwamba mwale wake unakaribiana mno na ule wa oksijeni, macho yetu ya zamani hayakuweza kuona tofauti. Alinisikiliza hadi mwisho. Mwaka mzima alikuwa ametembea Ilondo akiamini kwamba alirudisha watu kumi na tisa kwa mifuko sita ya chumvi, na hakumwambia mtu, hakuomba hata asante. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumvunja mbavu, na nikashindwa kuianza.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Hapana. Wewe ulitaka mema. Mimi ndiye ninayelipwa kuuliza."

Na huo ndio ukweli. Hesabu inayofufuka siku ya tatu, haitumi neno hata moja, haipandi wala haishuki kwa miezi kumi na minne: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza imetoka wapi. Sikuuliza kwa sababu nilitaka sana iwe Atupele. Mzee Mhina alichukua mtaimbo mikononi mwangu, akapiga magoti, akaanza kuvunja zege lake mwenyewe.

3

Tulitoa mifuko sita. Kaniki iliyoifunika ilikuwa imeoza, lakini chumvi ilikuwa nyeupe vilevile. Nikarudisha kipimo juu ya Pipa, nikafunga mlango, nikasubiri siku nne.

Sikuwa na siku nyingine za kusubiri. Kekee ilikuwa ishushwe Jumapili. Hicho ndicho chombo tulichokijenga kwa mwaka mzima kuwafuata kina Atupele: mtungi mrefu wenye kichwa cha chuma kinachoyeyusha mwamba na kupita, mwamba ukijifunga nyuma yake. Kichwa chake kilipashwa moto siku kumi na moja, na moto huo ni wa mara moja tu. Kikipoa kinapasuka, na kukijenga kingine ni miaka minne. Ndani yake wanakaa watu sita. Inaweza kushuka kwa nguvu yake yenyewe. Kupanda haiwezi, mpaka ichomekwe kwenye mtambo wa kule chini, na mtambo ule hauwaki bila mtu wa kuuwasha kutoka ndani. Kama kule hakuna aliye hai, sita hao hawarudi.

Kwa sababu hiyo Shirika liliweka karatasi moja inayoitwa Cheti cha Uhai, na bila karatasi hiyo kekee haishuki. Mwenye kuitia sahihi ni mpimaji mkuu wa Pipa. Yaani mimi.

Siku ya kwanza baada ya chumvi kutoka, Pipa lilihesabu moja. Ya pili, sifuri. Ya tatu, mbili. Ya nne, moja. Jumla nne, zote zikiwa na nishati halali ya oksijeni. Angani kuna nyutrino zinazozurura tangu dunia iumbwe, nazo hutupa kama mbili katika siku nne, hata kama chini hakuna Kurunzi. Ukitarajia mbili ukapata nne, hujapata kitu. Ndivyo ningemwandikia mwanafunzi kwa kalamu nyekundu.

Lusajo alikuja Jumamosi asubuhi kuchukua cheti. Ni mume wa Atupele na nahodha wa kekee, mtu mrefu mwenye mabega ya kuinama kwa kuzoea mashimo. Tangu msiba, ambao hatukuwahi kuuita msiba, alikuwa akiniletea ndizi kila wiki, akiweka mezani bila kusema kitu.

"Shemeji, umeamkaje? Naona hujalala."

"Keti kwanza."

Hakuketi. Nikamwambia akiwa amesimama. Chumvi, kidonge, mstari mmoja, nne. Alinisikiliza huku akizungusha funguo kidoleni, na nilipomaliza akaacha kuzizungusha.

"Nne si mbili," akasema.

"Nne ni mbili, shemeji. Kwa hesabu hizi, nne ni mbili."

"Zile siku tatu za kwanza, kabla ya chumvi. Zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Siku tatu, mbili. Sasa siku nne, nne. Si zimepanda?"

"Lusajo."

"Nakuuliza wewe msomi. Zimepanda au hazijapanda?"

"Zimepanda kama shilingi inavyoangukia upande ule ule mara mbili. Haina maana yoyote."

Akaja karibu na meza. Cheti kilikuwa pale, kimechapwa, kinasubiri jina langu. Akakigeuza kikanielekea mimi, akaweka kalamu juu yake.

"Tia sahihi."

"Unajua ninachokwambia?"

"Najua. Mimi nashuka. Hata ungesema sifuri ningeshuka. Yule ni mke wangu, na ni ndugu yako. Kama yuko kule anakaa kwenye giza anahesabu siku, halafu sisi huku juu tunabishana kuhusu nne na mbili, Mungu atatuuliza."

"Na wale watano wenzako?"

Akatazama dirishani. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile mvua yetu ya Rungwe isiyo na haraka.

"Wale walijitolea," akasema mwishowe.

"Walijitolea kwa sababu ya thelathini na moja. Niliwaambia mimi. Nakiete ana mtoto anayenyonya, Lusajo. Alinisikia redioni."

"Usiwaambie, basi. Utie sahihi, nitawaambia mwenyewe tukishafika."

"Mkishafika wapi? Mahali pasipo na kurudi?"

Alielewa. Alikaa hatimaye, akaweka viganja usoni, na nikamwona kwamba hata yeye alijua anaomba nini. Nilimpenda wakati ule kuliko wakati mwingine wowote. Mkono wangu ulikuwa umeshaishika kalamu. Nitasema kweli: kwa muda wa kama dakika nzima nilikuwa mtu wa kutia sahihi. Niliwaza, nikisaini na Atupele yupo, nimemwokoa. Nikisaini na hayupo, nimezika watu sita walio hai ili nisiwe mimi niliyemwacha. Nikikataa na yupo, nimemuua mdogo wangu kwa mkono huu, na atakufa akidhani tunakuja. Nilitafuta njia ya nne na haikuwepo.

Nikaweka kalamu chini. "Twende kwa wenzako, waamue wakijua," nikamwambia.

4

Walikuwa kwenye bwalo, wameshavaa suti za rangi ya machungwa, wanakula maandazi. Mtu mmoja alikuwa anachekesha na wengine wanacheka. Nilisimama mbele yao na karatasi niliyoichapa mwenyewe, nikaikunja, nikasema kwa kichwa.

Sikuwaficha kitu, wala sikumtaja Mzee Mhina. Nilisema palikuwa na chumvi na kwamba kosa la kutoiona ni langu. Nikawaambia kuhusu nne. Nikawaeleza kwamba nne zinaweza kuwa Kurunzi inayokufa, na zinaweza kuwa vumbi la anga, na kwamba ili nijue kwa hakika nahitaji siku mia mbili, na kekee ina siku moja. Kwa kanuni ya safari, wanne wakikataa safari imekufa, nami nikawakumbusha hilo pia.

Nakiete, ambaye ndiye mchomeleaji wao, aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Tungeshuka tukakuta hakuna mtu, hewa ingetutosha siku ngapi?"

"Arobaini," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akavua glavu, akaziweka mezani kando ya sahani. Wa pili akafanya hivyo hivyo, halafu wa tatu. Lusajo alikuwa amesimama ukutani na za kwake bado amezivaa.

"Shemeji," akaniita mbele ya wote. "Niambie neno moja, sitakusumbua tena maishani. Tuseme si mimi, ni wewe. Kiti kimoja kiko wazi ndani ya kekee, na unayajua haya yote unayoyajua. Ungeshuka?"

Wote wakaniangalia. Yule wa nne alikuwa ameishika glavu kwa ncha za vidole, hajaivua bado, na nilielewa kwamba ataivua au ataiacha kwa jibu langu. Nilimkumbuka Atupele jinsi alivyokuwa akinifokea nikichelewa kula. Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa tamu mdomoni na ingetosha.

"Nisingeshuka," nikasema.

Yule wa nne akavua glavu. Lusajo aliniangalia kwa muda, bila hasira, namna unavyomwangalia mtu uliyedhani unamfahamu. Kisha akatoka kwenye mvua.

Moto wa kekee ulizimwa saa saba mchana. Saa tisa kichwa kilipasuka. Tulikisikia hadi ofisini, mlio mmoja mkavu, na madirisha yakatetemeka. Mkurugenzi alitoa tangazo fupi. Wanawake waliokuja getini na vyakula vya kuwaaga wasafiri walianza kulia, kwanza mmoja, halafu wote, na miongoni mwao nilisikia sauti ya mama yangu.

Niliingia chumbani mwa Pipa kuzima mitambo. Saa kumi na moja kasoro, mkono wangu ukiwa kwenye swichi, ikaingia cheche. Sita nukta moja nane. Dakika tatu baadaye ikaingia ya pili, na baada ya dakika tatu nyingine, ya tatu, kama za mtu anayewasha na kuzima. Nilisubiri nimesimama hadi ikapita nusu saa, na haikuja tena.

Niliziandika daftarini zote tatu, pamoja na saa zake, kwa mwandiko unaosomeka. Kisha nikazima, nikafunga mlango, nikaenda getini kumsaidia mama kupanga matanga.